Kanzu ya Sikukuu Iliyojazwa Mchele

Nianze kwa kukiri, maana najua baadhi yenu hadithi hii mshaisikia kwa watu, na waliokuhadithieni wametia chumvi zao. Ndiyo, mimi ndiye yule bwana aliyesali Sala ya Idi hapa Ibra na ovaroli ya grisi, safu ya mbele, katikati ya watu waliojifukiza udi tangu alfajiri. Na ndiyo, siku ile ile kanzu yangu ilionekana inapepea kwenye kamba ya nguo ya mwanamke asiyekuwa mke wangu. Yote mawili kweli. Wallahi hata leo, nishakuwa babu, nikipita kile kiwanja cha Idi masikio yanapata moto. Lakini hebu nikuhadithieni mimi mwenyewe, kwa sababu wenzangu wote wanaanzia katikati.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya sabini, mimi na mke wangu Zuhura hatujatimiza miaka mitatu tangu tufike Ibra, huku bara ya Muskati. Babu yangu ndipo alipozaliwa, lakini mimi mzaliwa wa Unguja, na Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji. Kazi yangu ufundi wa mashine za kuvutia maji visimani, zile za dizeli. Pale mtaani waliniita Zinjibari. Si kwa ubaya, sisemi kwa ubaya, lakini mashine ikifa naitwa mbio mbio, na likiwapo jambo la mtaa, la kushauriana au la kutumana, ninakuwa sionekani hata nikiwa nimekaa hapo hapo na kikombe cha kahawa mkononi. Na mwenzenu nilikuwa nataka kitu kimoja tu: siku moja na mimi nitumwe. Niaminiwe jambo. Nyinyi mtacheka, mmetumwa tangu wadogo mpaka mkachoka, lakini mtu akiwa mgeni katika mji wa babu yake, hilo linamla.

Sasa njooni kwenye chuma changu, maana ndicho kilicholeta yote haya. Ujana wangu kule Unguja nilifanya kazi katika ghala la karafuu, na mlikuwa na chuma cha kushikia gunia, unakivisha mdomo wa gunia, unamimina karafuu, huna haja ya mtu wa pili. Nilipofika Ibra nikawaona watu wanajaza magunia wawili wawili, mmoja kaachamisha mdomo wa gunia kwa mikono miwili na uso kaugeuza pembeni vumbi lisimuingie, mwenzake anamimina, na robo nzima inakwenda chini kwa kuku. Nikasema hawa nitawatengenezea chuma chao. Nikachukua mabomba ya kitanda kibovu nikaunga fremu ya kunifika kifuani, juu nikaweka bati la pipa nililolikunja kama faneli (nililisugua kwa maji moto na majivu siku mbili, msinitazame hivyo), faneli ina kilango chini kinachofunguka ukikanyaga kwa mguu, na chini ya kilango nikatega meno mawili ya springi ya gari ya kuuma mdomo wa gunia. Ufundi wenyewe uko kwenye meno. Gunia kadiri linavyozidi uzito ndivyo meno yanavyozidi kuuma, halitoki. Ukitaka kulitoa, unaliinua kwanza kwa goti, uzito unapungua, meno yanaachia. Nilijisifu kwa meno yale mpaka Zuhura akaniomba kwa jina la Mungu nizungumze jambo jingine.

Hakuna aliyekitaka. Waliniambia kwa adabu kwamba mikono haihitaji mafuta. Kikakaa gereji miezi minane, Zuhura anatundikia vitunguu.

Ndipo ikaja ile Ramadhani. Kila mtu kajiandaa kufunga thelathini, mara redio ikatangaza usiku kwamba mwezi umeandama, kesho Idi. Sasa mnajua mambo ya fitri: kila kichwa kilichomo nyumbani, mkubwa na mchanga, pishi moja ya nafaka, na lazima imfikie anayestahiki kabla ya Sala ya Idi, ikichelewa inakuwa sadaka tu kama sadaka nyingine. Na mtaa ule walikuwa na desturi yao. Watu wote wanapeleka mchele wao katika ghala lililo nyuma ya sabla, lile baraza la wanaume, kisha mtu mmoja tu ndiye anayeupeleka kwa wenyewe. Mtu huyo alikuwa Sheikh Khalfan, mzee wa mtaa. Majina hayaandikwi mahali, yamo kichwani mwake. Anaweka gunia mlangoni, anabisha, anakwenda zake kabla mlango haujafunguliwa, na siku ya pili akikutana na mtu yule barabarani anamsalimia kama anavyomsalimia tajiri. Hata mkewe hakuwa akijua nani anapelekewa. Kwa kawaida kazi ile aliifanya kwa siku mbili, taratibu, na punda. Mwaka ule hakuna siku mbili, na goti lake limevimba kama nazi.

Alfajiri, tumetoka msikitini, nikasikia Sheikh anabisha kwangu. Alikaa Unguja miaka mingi kabla sijazaliwa, Kiswahili chake kizuri kuliko changu.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba. Kile chuma chako cha magunia, kinafanya kazi au ni maneno?"

"Kinafanya kazi, Sheikh."

"Na mdomo wako je? Unafungika?"

Nikamwambia unafungika. Akasema, "Basi chukua pikapu yako, uje nyuma ya sabla." Hivyo tu. Mimi pale mlangoni miguu hainitoshi. Nimetumwa.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu, lichukueni, mlitie mfukoni. Kanzu yangu ya Idi ilikuwa imeshatundikwa ukutani imepigwa pasi. Zuhura kaishona mwenyewe, shingoni kaitia darizi ya hariri nyekundu, kazi ya miezi mitatu ya macho yake, na Ibra nzima hakukuwa na nyingine kama ile, huku shingo zao wanazidarizi kwa rangi za upole. Nikaivaa. Zuhura akaniambia, "Nenda na ovaroli yako, kanzu utakuja kuivaa." Nikamjibu kwamba muda hautoshi, kutoka ghalani nitapitiliza kiwanjani. Muda ulitosha. Nilitaka tu kuonekana. Nilisema mtu aliyetumwa na Sheikh Khalfan hawezi kutoka na grisi.

Basi tukaanza, na niwaambieni, chuma kile kilifanya kazi mpaka mimi mwenyewe nikakionea haya. Gunia mdomoni, mguu chini, mchele shaa, mguu juu, goti, gunia chini. Sheikh amekaa juu ya kisanduku, ananinong'oneza nyumba moja na idadi ya vichwa, mimi najaza, naipakia pikapu, anataja nyingine. Nyumba tisa. Kila jina linaponiingia sikioni nahisi nazidi kuwa mtu wa mtaa ule, pishi kwa pishi. Nane zikapakiwa, jua limeshachomoza, na yeye ndiye imamu, lazima aende akajitayarishe. Akainuka kwa fimbo. Akanitajia ya tisa.

Jina sitolisema, ijapokuwa mkasa mwenyewe alishanipa ruhusa niuhadithie. Nimeshalikataa mara nyingi na nyinyi mnajua. Nitawaambia tu kwamba ni mwanamke mjane, hana mvi hata moja, ana watoto wanne, anashona kofia, na nyumba yake wengi walikuwa wakidhani inajiweza, kwa namna alivyokuwa akijisitiri. Sheikh akasema, "Huyu akijulikana, hatopokea tena kamwe, na wale watoto watalala hivyo hivyo. Nenda mwisho kwake, na uwahi." Akaondoka anachechemea.

Nikabaki peke yangu na gunia la mwisho, nalo kumbe panya kalitoboa ubavuni. Nikalivisha kwenye meno, nikainama kulifunga tundu kwa kamba. Kanzu nilikuwa nimeipandisha pindo la mbele nimelichomeka kiunoni lisikokote vumbi, na kule kuinama pindo likachomoka. Gunia bovu likateleza, meno yakafyatuka, na kilichokuwa karibu yake ni pindo la kanzu yangu. Yakaliuma. Nikashtuka nikaruka, na mguu ukatua wapi? Juu ya kile kikanyagio. Kilango kikafunguka, mchele ukaniingia ndani ya kanzu, ikafanya pochi tumboni bila ya mimi kutaka, na kadiri unavyoingia ndivyo meno yanavyozidi kuuma, maana ndivyo nilivyoyatengeneza, mimi fundi. Nikauondoa mguu. Nikavuta. Haitoki. Kulitoa sharti uinue uzito kwa goti, na goti langu limo humo humo ndani ya kanzu pamoja na mchele. Nimeinama kama mtu anayetafuta pete chini ya kitanda, na huko mbali nasikia takbira kiwanjani zimeshaanza. Nilitaka kulia, wallahi. Si kwa kanzu. Nilikuwa nawaona wale watoto wanne, na Sheikh anageuka kuniuliza kwa macho.

Nikajikunyata, nikavuta mikono kutoka kwenye mikono ya kanzu, nikapitisha kichwa chini, nikatoka kinyumenyume, nimebaki na shuka ya ndani na fulana yenye tundu kwapani. Kanzu imening'inia kichwa chini miguu juu. Nikaitazama. Nikalitazama gunia la panya. Hakuna gunia jingine ghala zima, na kwenye faneli umebaki mchele wa pishi tano na ziada. Basi nikachukua kamba, nikaifunga kanzu ile shingoni, nikaifunga mikono yote miwili, nikalivisha pindo lililobaki kwenye meno, nikasema bismillahi, nikakanyaga.

Ilijaa vizuri kuliko gunia.

Nikaibeba kama mtu aliyezimia, nikaipakia na yale magunia mengine, nikazungusha mtaa kwa pikapu huku nimevaa fulana na shuka, nashuka, naweka, nabisha, nakimbia. Watu wote washakwenda kiwanjani, wanawake wamo ndani wanajipamba, hakuna aliyeniona. Kwa yule wa mwisho nikailaza kanzu kizingitini na kifua chake chekundu cha darizi juu, nikabisha, nikakimbia. Nikajiambia nitairudia baadaye kwa siri. Nyuma ya kiti cha pikapu daima nilikuwa na ovaroli. Nikaivaa, nikaenda kusali.

Nilidhani nitajibanza safu ya nyuma kabisa. Lakini Sheikh Khalfan, Mungu amrehemu, kwa kunikirimu alikuwa amewaambia watu waniwekee nafasi safu ya mbele, nyuma yake yeye. Na watu wakanipisha. Wakanipisha hivi na hivi, jinsi mtu anavyolipisha gari la dizeli, na mimi napita katikati ya zile kanzu nyeupe na vilemba vya kashmiri, nanuka mafuta ya mashine. Sheikh akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. Nikaitikia kwa kichwa kidogo, kumjulisha kwamba zimefika zote. Akageuka kibla.

Hiyo ndiyo aibu ya kwanza, nayo nilikuwa nimeshaanza kuizoea. Sikujua kwamba yule mama, kwa wema wake na kwa adabu yake, baada ya kumimina mchele ndani aliona kanzu imeingia kutu na grisi ya yale meno, akasema haiwezekani nguo ya Idi ya mtu irudi hivi. Akaifua. Akaianika uani. Na uani kwake ndipo wanapopita wanawake wote wanaozunguka nyumba kwa nyumba kupeana mkono wa Idi na kunywa kahawa. Na siku ile miongoni mwao alikuwemo Zuhura.

Nilimkuta nyumbani adhuhuri amekaa kitako katikati ya chumba, hakuvua hata buibui.

"Kanzu yako inakaribia kukauka," akaniambia.

Nikavua viatu pole pole.

"Ile hariri niliitia kwa macho yangu haya. Leo nimeinywea kahawa, iko juu ya kamba ya mtu, na wenzangu wote wananitazama mimi, hawaitazami kanzu. Sema."

"Mashine iliniuma, Zuhura."

"Ikuume ghalani, kanzu ikaanikwe kwa mjane?"

Nifanyeje? Nikimwambia kweli nimeyavunja niliyoahidi alfajiri, na siku yenyewe haijesha. Nikasema siwezi kukueleza. Hilo ndilo neno baya kuliko yote mwanamme anaweza kumwambia mkewe katika mkasa kama huo. Akaingia chumbani, akafunga mlango, na sikukuu yetu ikaisha hapo.

Alasiri nikaitwa sabla. Habari ilishafika kabla yangu, tena imekua njiani. Wamekaa wote, na Hamdun, ambaye ni mcheshi wa mtaa na ulimi wake hauna breki, akaniuliza mbele ya watu, kwa sauti tamu kama halwa: "Ya Zinjibari, huko kwenu sikukuu mnavua kanzu nyumba gani na mnavaa nyumba gani?" Wakacheka, lakini kicheko hakikuwa kizuri. Na wengine hawakucheka kabisa. Nikaona hapa linataka kuchafuliwa jina la mwanamke, na kesho watoto wake wataulizwa madrasani.

Sheikh Khalfan yuko kwenye kona yake, kikombe mkononi. Ningeweza kusema neno moja tu, fitri, nikasafika. Mtu aliyekuwa akingojea karibu miaka mitatu aonekane mwaminifu, jawabu analo mdomoni. Lakini mimi nikisafika, yule mama anaanikwa yeye.

Basi nikasimama, nikawaigizia. Uongo nilitia mmoja tu, wa mwisho, na hadithi nikaikata mkia. Nikawaeleza kanzu, pindo, meno, mguu, nikainama pale pale katikati ya sabla kama nilivyoinama, nikatoka kinyumenyume nikiwa nimejifunika kilemba cha Hamdun, nikawaonyesha fulana na tundu lake. Nikawaambia kanzu ilitoka humo ina kutu na imechanika pindo, nami namwogopa mke wangu kuliko aibu, nikampelekea mshona kofia aiondoe madoa Zuhura asijue. Ah, watu walicheka. Walicheka mpaka mzee mmoja akatemea kahawa jamvini. Hamdun akaniita Bwana Gunia, na tangu siku ile Zinjibari likafa, nikawa Bwana Gunia mpaka leo, hata wajukuu wa watu wananiita hivyo na hawajui kwa nini. Sheikh hakucheka. Aliinamisha kichwa akawa anakitazama kikombe chake, na mimi nikaona ndevu zinamtikisika.

Magharibi nikarudi nyumbani nimechoka na nafsi yangu. Zuhura yuko sebuleni, na kanzu iko mapajani mwake imekunjwa. Alikuwa amevaa tena buibui lake akaenda kuifuata mwenyewe, nia yake kugombana. Yule mama, habari za sabla zimeshamfikia, akamwambia mumeo kaniletea niitoe madoa, akampa, na macho kayainamisha. Zuhura akaichukua, akatoka. Njiani akaikagua mshono kwa mshono, mnajua mshonaji alivyo.

Akaniambia nifungue kiganja. Akaniwekea punje tatu za mchele.

"Zilikuwa kwenye mshono wa mkono," akasema. "Wa mkono, si wa pindo. Na shingoni pana alama ya kamba."

Nikazifumba zile punje kiganjani.

"Mashine ilikuuma," akasema.

"Iliniuma."

"Basi. Hata mama yangu akiniuliza, mashine ilikuuma." Akainuka akaniwekea chakula, na mimi nikala huku machozi yananitoka, akanambia ni pilipili.

Mwaka wa pili yake, siku mbili kabla ya Idi, Sheikh Khalfan akaniita nyuma ya sabla. Goti lake lilikuwa zima, punda wake mzima. Akanitajia majina yote, moja moja, mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nishayasahau." Hayo ndiyo makabidhiano, hakukuwa na maneno mengine. Nikayahesabu njiani. Yalikuwa manane.

Nilidhani amepitiwa, kamsahau yule wa tisa. Asubuhi yake, watu wanaleta mchele wao ghalani kwenye kile chuma, wanamimina kwenye faneli mmoja mmoja, akaja mwanamke na watoto wanne nyuma yake wamepangana. Kofia zake zilikuwa zimeshapata wanunuzi mpaka Muskati. Kabeba kikapu. Hakumpa mtu ammiminie, alimimina mwenyewe pishi tano, taratibu, mbele ya kila mtu, mpaka punje ya mwisho. Kisha akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote:

"Angalia kanzu yako, ndugu yangu."

Ghala zima likacheka, kwa sababu hadithi ya kanzu wote wanaijua. Na mimi nikacheka nao. Nilikuwa nimevaa ovaroli, na tangu siku hiyo kazi ya fitri naifanya na ovaroli, na hakuna Idi itakayonirudisha kwenye upuuzi ule wa kutaka kuonekana.